Sura ya Saba: Kulitoa Dramu Lililong'ang'ania

Mwaka 1962 Volkswagen Beetle ya Tommy Fjastad ilishinda mbio za East African Safari. Mwaka 1965 ushindi ukaenda kwa Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, waliokuwa ndani ya Volvo PV544. Aliyesimama kando ya barabara aliona magari mawili yenye migongo ya duara, yote yamerowa matope. Fundi anayetaka kulitoa dramu la breki la nyuma ana habari nyingine. Kwenye Beetle, dramu limeketi juu ya shafti yenye mifereji iliyonyooka, na ukishaifungua ile nati kubwa ya milimita 36, iliyokazwa kwa karibu Nm 300, na ukalegeza viatu vya breki, dramu linapaswa kuteleza litoke. Likigoma, kosa ni la kutu. Kwenye Volvo, habu ya nyuma imeketi juu ya koni, na nati ikishatoka hakuna kinachobadilika. Habu inabaki pale pale, imeshikamana na shafti kana kwamba ziliyeyushwa pamoja. Hapo ndipo wengi hunyoosha mkono kuchukua nyundo, na hapo ndipo magari mengi ya kale yameumizwa na watu waliokuwa wakiyatengeneza kwa upendo.

Hoja yangu katika sura hii ni moja, na nitaipima kila pula, yaani zana ya kulivuta dramu litoke, na kila ujanja kwa hiyo. Kutoa dramu ni kutenganisha vitu viwili tu, habu na shafti. Nguvu unayotumia ianzie kwenye kimoja, iishie kwenye kingine, na isipite mahali pengine popote ndani ya gari. Pula inayofunga duara hilo la nguvu inafaa, hata ikiwa imechakaa na kutu imeila rangi yake. Isiyolifunga haifai, hata ikiwa mpya na inang'aa dukani, kwa sababu nguvu iliyopotea njia haiishii hewani: inaingia kwenye beringi, kwenye difu, kwenye maungio ya dramu, au kwenye meno ya shafti.

Kwanza tuielewe koni yenyewe, maana watu huilaumu kutu kwa jambo ambalo koni ilikusudiwa kulifanya. Watengenezaji wengi wa zamani walimalizia ncha ya ekseli kwa umbo linalopungua taratibu kuelekea nje, na ndani ya habu wakachonga tundu la umbo hilo hilo. Kati ya viwili hivyo walichomeka kii, kipande kidogo cha chuma kinachokaa nusu kwenye shafti na nusu kwenye habu. Kisha nati ikaisukuma habu ipande koni. Ford Model A, iliyotengenezwa kwa mamilioni kati ya mwishoni mwa 1927 na mapema 1932, ina mpango huo. Plymouth, Dodge na Chrysler ziliendelea nao hadi magari ya mwaka 1964, kisha kuanzia mwaka uliofuata zikahamia ekseli yenye sahani mwishoni, ambayo dramu lake hutoka kwa mkono. Tangu hapo kizazi baada ya kizazi cha mafundi kimejifunza kazi bila kukutana na koni hata mara moja, na si ajabu kwamba pula zake zimepotea kwenye masanduku ya zana.

Tuchukue koni yenye mwinamo wa 1 kwa 8, ule uliomo katika kiwango cha Marekani cha ncha za shafti: kila milimita 8 za urefu, kipenyo kinapungua milimita 1. Kila upande basi unainama kwa nyuzi zisizofika 4. Mwinamo mdogo namna hiyo hauwezi kuushinda msuguano wa chuma juu ya chuma kikavu, kwa hiyo koni ikishapandishwa haishuki yenyewe hata nati ikiondolewa. Mfano wa hesabu ya karibu: nati ya shafti yenye kipenyo cha milimita 20, ikikazwa kwa Nm 200, inaibana habu kwa nguvu ya takriban tani 5. Ukichukua msuguano wa 0.15, kuing'oa habu hiyo hiyo siku hiyo hiyo, ikiwa safi na bila kutu, kutahitaji tani 2 hivi. Ongeza miaka 60 ya mvua na joto, na hesabu inapanda mpaka pasipojulikana. Huo ndio uzito wa kazi iliyo mbele yako, na kwa sababu hiyo siamini hata kidogo bisibisi mbili zinazochomekwa nyuma ya dramu, moja kila upande.

Sasa tuitazame pula inayopatikana kwa urahisi kuliko zote, ile yenye makucha mawili au matatu yanayoshika ukingo wa dramu. Inafaa kwa puli za injini na kwa beringi ndogo, na kwa kuwa fundi anayo tayari, huitumia. Lakini fuata njia ya nguvu. Skrubu ya katikati inasukuma ncha ya shafti, vizuri. Makucha yanavuta ukingo wa nje wa dramu, na ukingo huo uko mbali na koni. Kwenye Ford za wakati ule dramu limeunganishwa kwenye habu. Kwenye Plymouth nalo limefungwa kwenye habu kama kipande cha pili. Unachokivuta basi ni dramu litoke kwenye habu, wakati kilichokwama ni habu kwenye shafti. Tena madramu mengi ni chuma cha kalibu, ambacho kinavumilia kugandamizwa mara 3 au 4 kuliko kinavyovumilia kuvutwa. Ukingo unapasuka au unapinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, na baada ya hapo kanyagio la breki linatetemeka chini ya mguu kila unapopunguza mwendo. Mwenye gari atabadilisha viatu vya breki mara mbili kabla ya kushuku kwamba dramu lenyewe limepinda.

Ya pili ni nyundo ya kuteleza, fimbo yenye uzito unaovutwa kwa nguvu kuelekea kwako ukagonga mwishoni. Hii inashika habu mahali panapostahili, kwenye bolti za tairi, lakini haisukumi shafti. Kila pigo linaivuta habu pamoja na shafti yake, na kinachoizuia shafti isitoke ni beringi na kishikizo chake. Kwa hiyo beringi ndiyo inayopokea pigo, na koni inapata sehemu ndogo tu. Ya tatu inauzwa sana kwa wenye Model A: kifuniko kizito kinachofungwa kwenye meno ya shafti, kisha kinapigwa nyundo kutoka nje. Watetezi wake husema ni rahisi, ni ya bei nafuu, na imefanya kazi kwa miaka mingi. Sikatai kwamba dramu mara nyingi linatoka. Ninachouliza ni pigo lilikwenda wapi. Kwenye Model A gia ya ndani imefuliwa pamoja na shafti kama kitu kimoja, hivyo pigo linaingia moja kwa moja kwenye difu. Kwenye magari ya Chrysler ya koni, ncha za ndani za shafti mbili zimetenganishwa na kipande cha chuma katikati ya difu, na pigo la gurudumu la kushoto linasafiri hadi beringi ya kulia. Fundi anashangaa kwa nini upande ambao hakuugusa umeanza kulia.

Pula ninayoitetea ni ile nzito, yenye kichwa cha chuma kilichofuliwa, mikono mitatu au mitano inayofungwa kwenye bolti za tairi, na skrubu nene ya katikati yenye meno membamba. Gurudumu lenyewe lilishikwa na bolti hizo hizo, kwa hiyo habu imeundwa kuvumilia nguvu mahali hapo. Mikono inavuta habu, skrubu inasukuma shafti, duara limefungwa. Beringi hazisikii chochote, difu halisikii chochote. Mtu anayeegemeza kilo 40 kwenye mpini wa nusu mita anapata Nm 200, na skrubu ya milimita 20 inazigeuza kuwa tani 5 hivi, bila pigo hata moja. Kwa habu za Ford za miaka ile kuna namna nyingine iliyo bora zaidi: pula ya vipande viwili inayokumbatia shingo ya habu, kwenye mfereji unaoonekana ukiondoa kofia ya gurudumu. Hiyo inavuta karibu kabisa na koni, na kwa Model A ningeitafuta hiyo kabla ya nyingine yoyote. Magurudumu ya spoki yanayofungwa kwa nati moja ya katikati yana habu isiyo na bolti kabisa, na hayo yanataka pula inayojifunga kwenye meno ya habu yenyewe.

Unapoichagua, tazama mambo machache kwa makini kuliko bei. Mikono igawane mzigo sawasawa: habu ya bolti 5 ikishikwa na mikono mitatu inavutwa upande, na sahani yake inaweza kupinda; ukipata ya mikono mitano, lipia tofauti hiyo bila kusita. Meno ya skrubu yawe safi na yapakwe grisi, na ncha yake pia, kwa sababu msuguano hapo unakula nguvu yako bure. Kumbuka pia kwamba magari ya Chrysler ya wakati ule yana bolti za tairi zenye meno ya kushoto kwa upande wa kushoto wa gari, na bolti hizo hizo ndizo zitakazoshika mikono ya pula. Anayezilazimisha kwa kuzungusha upande aliouzoea anaharibu habu kabla hata ya kuanza.

Lakini hata pula bora inashindwa, au inaharibu, mahali ambapo koni haina hatia. Viatu vya breki vinapolisugua dramu miaka mingi vinachimba bonde ndani yake na kuacha ukingo upande wa ndani. Koni ikiachia, ukingo huo unanasa viatu, na mvutaji anaendelea kukaza akidhani bado anapambana na koni, kumbe anapindisha viatu na kung'oa pini zake. Kwa hiyo breki ya mkono ifunguliwe, na virekebishi vya nyuma ya sahani ya breki virudishwe mpaka dramu lizunguke huru. Kwa maoni yangu nusu ya sifa mbaya ya madramu ya kale ingefutika kama jambo hili lingefanywa kwanza. Kuna na vumbi. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linasababisha saratani ya mapafu na ya utando wake, miaka mingi baada ya kuvutwa pumzi. Usilipulize kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa chenye unyevu, ukitupe kitambaa kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.

Gari likishakaa juu ya stendi imara na magurudumu ya mbele yakazuiwa kwa kabari, kazi yenyewe ni ya utulivu. Pini ya nati inatolewa, nati inalegezwa, lakini haiondolewi. Inarudishwa nyuma mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti, ikiacha nafasi ya milimita chache kati yake na habu. Nati hiyo ina kazi mbili: inazuia meno ya shafti yasitanuke chini ya skrubu, na inakamata dramu koni inapoachia, kwa sababu tani kadhaa zilizokusanywa zinapoachiwa kwa mara moja huweza kulirusha dramu zito mpaka ukuta wa pili wa gereji. Mikono inafungwa, skrubu inakazwa mpaka igome, kisha unasubiri. Unapaka mafuta ya kupenya kutu pale shafti inapoingia kwenye habu, unakunywa chai, unarudi, unaongeza robo mzunguko. Ikibidi, unaiacha chini ya mkazo mpaka kesho yake. Chuma kilichovutwa kinajinyoosha polepole bila mtu kukisukuma, na mara nyingi sauti ya kuachia, mlio mmoja mkali kama wa risasi, inasikika wakati hakuna mtu aliyekaribia gari. Dramu linakuwa limesogea milimita zile chache tu mpaka kwenye nati, na pula imelegea mkononi. Kwa sababu ya nguvu hiyo inayoachia ghafla, mtu asikae mbele ya gurudumu wakati wa kukaza; akae ubavuni.

Mafundi wenye uzoefu wana hoja ambayo haifai kupuuzwa: hata pula hizi nzito huuzwa pamoja na spana fupi ya kupigwa nyundo, sasa vipi nyundo iwe haramu? Jibu liko kwenye mwelekeo. Pigo linalotua ubavuni mwa spana linazungusha skrubu, na nguvu yake inageuka kuwa mvuto ndani ya duara lile lile. Pigo linalotua kwenye kichwa cha skrubu linakwenda moja kwa moja kwenye shafti na kuelekea difu. La kwanza naliruhusu. La pili wengi wanalitetea kama kibao kidogo cha kuishtua koni iliyokwisha kuvutwa. Ninakubali kwamba kibao chepesi chini ya mkazo mkubwa hakilingani na nyundo kubwa juu ya shafti tupu, lakini mpaka wa uzito wake hauna kipimo, na mkono uliokasirika haujui kupima. Bora usiku mmoja zaidi chini ya mkazo.

Kuna ujanja mwingine unaosifiwa sana: legeza nati kidogo, rudisha pini, shusha gari, kisha liendeshe taratibu uwanjani ukizunguka kushoto na kulia mpaka koni iachie. Unafanya kazi kweli, kwa sababu uzito wa gari unaitikisa habu huku na huku. Lakini pima njia ya nguvu. Koni ikishaachia, kinachopeleka mzunguko wa shafti kwenye gurudumu ni kii peke yake, na kii haikuwekwa kwa mzigo huo. Kazi ya kubeba mzunguko ni ya msuguano wa koni, na kii inaongoza tu. Dereva akikanyaga mafuta kidogo zaidi, kii inakatika au njia yake inapanuka, na mfereji wa kii ndiyo sehemu ambayo shafti hupenda kuanza ufa. Kwenye Model A shafti iliyopasuka maana yake ni kuifungua ekseli yote ya nyuma. Moto wa gesi nao una watetezi, na kimsingi una mantiki, kwani habu iliyopata joto inatanuka kabla ya shafti. Tatizo ni kwamba karibu kabisa na hapo pana grisi, sili ya mafuta, mafuta ya breki na viatu vyenyewe. Ukiwa na pula iliyokazwa tayari, joto kidogo la mzunguko kwenye shingo ya habu linaweza kusaidia. Bila pula unachoma mali yako.

Pingamizi la bei lina uzito wake. Pula nzito ni ghali, na mwenye gari moja ataihitaji pengine mara moja kwa miaka kadhaa. Sioni sababu ya kila mmoja kununua yake. Zana hii ni ya kuazimana: watu wanne au watano wenye magari ya koni wakichanga, kila mmoja atakuwa ametoa kidogo kuliko bei ya dramu moja la kale. Na madramu hayo hayajai tena madukani. Kuanzia mwaka 2003 mbio za East African Safari Classic zimeyarudisha magari ya zamani kwenye barabara za vumbi za ukanda huu, na kila dramu zima linalopasuliwa na makucha ya pula isiyofaa ni moja pungufu kati ya yaliyobaki.

Kurudisha dramu ni nusu ya pili ya kazi, ingawa wengi huiona kama mwisho tu. Wapo wanaopaka grisi kwenye koni ili safari ijayo itoke kwa urahisi. Nia ni njema, lakini tumeona kwamba msuguano ule ule unaotutesa ndio unaoendesha gari. Koni iliyopakwa grisi inapanda zaidi kwa mkazo ule ule wa nati, habu inatanuliwa kupita kipimo chake, na msuguano unaobaki ni mdogo. Koni zote mbili zifutwe mpaka zikauke, kutu iondolewe kwa kitambaa cha msasa laini bila kubadilisha umbo, kii mpya iingie bila kucheza na bila kugusa dari ya mfereji wake. Habu ikisukumwa kwa mkono na dramu likagusa sahani ya breki kabla ya kukaa, koni imelika, na kwa Model A huuzwa bati jembamba la kufidia. Nati inakazwa kwa spana ya kupimia mkazo hadi kiwango cha kitabu cha gari hilo. Tundu la pini lisipolingana na mfereji wa nati, nati inaendelezwa mbele mpaka ulingane, hairudishwi nyuma hata kwa unywele. Pini inapitishwa, ncha zake zinakunjwa, virekebishi vinarudishwa. Baada ya kilomita chache za kwanza gurudumu linatolewa tena, pini inachomolewa, na nati inapimwa upya, kwa sababu habu hupanda kidogo zaidi kwenye koni ikishabeba uzito wa gari.